Kumfundisha Mwanafunzi wa Darasa la Tatu Kutambua Wazo Kuu na Maelezo Saidizi

Mwalimu anapouliza wazo kuu la aya ni lipi, wanafunzi wengi wa darasa la tatu na la nne hujibu kwa neno moja: mnazi, ng'ombe, mvua. Hiyo ni mada tu, na kosa hili lisiporekebishwa mapema humfuata mtoto hadi siku atakapotakiwa kuandika ufupisho. Kwa hiyo zoeza darasa maswali mawili, kwa mpangilio uleule kila kipindi: aya inazungumzia nini, na inatuambia nini kuhusu kitu hicho? Swali la kwanza linatosheka na neno, lakini la pili ni lazima lijibiwe kwa sentensi kamili.

Andika ubaoni aya fupi inayohusu jambo ambalo watoto wanalifahamu, ili wasihangaike na msamiati. Kwa shule ya pwani, hii inatosha: "Mnazi una manufaa mengi. Makuti yake huezekea paa. Makumbi hutoa usumba wa kusokotea kamba. Nazi hukunwa ikakamuliwa tui la kupikia, na kifuu chake hutengenezewa upawa. Babu yangu alianguka mnazini." (Mwalimu wa Bukoba ataona mwenyewe kwamba mgomba unamfaa zaidi.)

Baada ya kuisoma kwa sauti, ziba sentensi moja moja kwa daftari na uulize kinachopungua. Ukiziba ile ya makuti, tumekosa mfano mmoja tu. Ukiziba ya kwanza, mifano yote inabaki bila jambo la kuiunganisha. Hapo ndipo mtoto anapoanza kuona kwamba sentensi hazina uzito sawa: moja hubeba wazo kuu, na zile zinazolifafanua ndizo maelezo saidizi.

Sentensi ya babu isipitwe haraka, kwa kuwa ndiyo yenye somo. Watoto huipenda, na wengi wataitetea kwa hoja kwamba inataja mnazi. Waache wabishane, kisha wafundishe kutia maneno "kwa mfano" kati ya wazo kuu na kila sentensi inayofuata. "Mnazi una manufaa mengi, kwa mfano, makuti yake huezekea paa" inakubalika, lakini "kwa mfano, babu yangu alianguka mnazini" italichekesha darasa zima, na kicheko hicho kitawaonyesha kwamba sentensi inaweza kuwa ndani ya mada ikawa nje ya wazo kuu.

Ipo desturi ya kuwaambia wanafunzi kwamba wazo kuu ni sentensi ya kwanza ya aya. Ni njia ya mkato inayowaponza, kwani aya nyingi huliweka mwishoni au haziliandiki kabisa. Kipindi kinachofuata, ihamishie sentensi ya kwanza mwishoni. Siku nyingine ifute, na wanafunzi waitunge wenyewe kutokana na maelezo yaliyobaki. Darasa likiwa kubwa na vitabu vichache, andika sentensi kwenye vipande vya boksi, kila kikundi kizipange na kutenga isiyohusika.

Hatimaye wape wazo kuu, kama vile "Soko letu huchangamka asubuhi", kila mmoja aliandikie maelezo matatu. Unaposahihisha, tahajia isubiri: pigia mstari sentensi isiyokubali "kwa mfano", kisha umrudishie mwandishi daftari aamue kama ataifuta au atabadili wazo lenyewe.