Kipeperushi cha A5: toka kwenye kompyuta hadi kwa mchapaji

Wiki iliyopita nilikaa na dada mmoja wa Tabata anayepika kwa oda: sambusa, katlesi, pilau la shughuli. Kipeperushi chake alikitengeneza kwenye simu, kinapendeza kweli kwenye skrini, na alikuwa njiani kwenda Kariakoo kuchapisha nakala 2,000. Nikamwomba anipe siku moja. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Kalamu kwanza

Usifungue programu bado. Chukua karatasi uandike unauza nini, unamuuzia nani na atakupataje. Kumbuka kipeperushi kinapokelewa Mwenge na mtu anayekimbilia daladala; atakitupia jicho mara moja tu. Kwa hiyo jambo moja liwe kubwa kuliko mengine yote. Dada alikuwa na vichwa vitano vya ukubwa uleule, na jicho halikujua lianzie wapi. Tukabakiza kimoja: "Sambusa za shughuli, tunaleta hadi ulipo." Jina la biashara likashuka chini. Wengi wanalipinga hili, lakini mteja mpya halijui jina lako. Shughuli yake anaijua.

Ramani usichore. Andika maelekezo kama unavyomwelekeza mgeni kwa simu: kituo cha kushukia, sheli au msikiti ulio karibu, upande gani wa barabara.

Hatua ya 2: Vipimo

A5 ni milimita 148 kwa 210. Wewe fungua ukurasa wa 154 kwa 216, yaani milimita 3 za ziada kila upande, ziada ambayo wachapaji huiita blidi. Rangi au picha ya nyuma ifike hadi mwisho wa ziada hiyo, maana gilotini hukata rundo zima kwa mkupuo na karatasi husogea kidogo. Bila blidi utapata ukingo mweupe. Maandishi nayo yakae angalau milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia.

Picha ya kujaza ukurasa huo inahitaji pikseli 1,819 kwa 2,551 hivi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa. Mwambie aliyeipiga akutumie kama dokumenti.

Hatua ya 3: Herufi

Fonti mbili zinatosha. Kabla hujachagua, andika "ng'ombe" na "ng'ara" uone ile alama inavyokaa, kwa sababu fonti nyingi za mapambo huiweka vibaya, na programu nyingine huigeuza ikatazama upande usio wake. Zima pia ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Programu iliyowekwa kwa Kiingereza itakukatia "nyum-ba" badala ya "nyu-mba", na msomaji atajikwaa.

Hatua ya 4: Nyeusi

Hapa usiwe na haraka.

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza vipeperushi 3,000 vya semina, ratiba yake ikiwa kwa herufi ndogo za pointi 8. Vilirudi na ukungu mwekundu pembeni ya kila herufi. Nikalaumu mashine. Fundi akanipa kioo cha kukuzia, nikaona mwenyewe: kila herufi ilikuwa imejengwa kwa wino nne. Nikakesha nikitafuta kosa kwenye faili.

Sababu ni hii. Skrini huunda rangi kwa mwanga, na nyeusi yake ni pale mwanga wote unapozimwa. Mashine ya ofseti, ile ya kuchapa nakala nyingi, hutumia wino: saiani (buluu ya samawati), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, kila mmoja na sahani yake, yaani bati linaloubeba wino huo. Programu inapotafsiri nyeusi ya skrini huigawanya katika wino zote nne. Sahani moja ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimita, kwenye picha hutaona kitu, lakini herufi ndogo inakuwa na kivuli.

Maandishi yote meusi yape, kwa asilimia, saiani 0, majenta 0, njano 0, nyeusi 100. Yakiwa juu ya rangi, yaweke yachapwe juu yake, yasiitoboe. Yakiitoboa, sahani ikisogea utaona uzi mweupe kuzunguka herufi. Maandishi uliyonakili kutoka Word huja na nyeusi yao wenyewe, hivyo yakague upya, hata mstari mmoja wa namba ya simu.

Kwa kuchorea naipenda Inkscape, ila kazi ya mwisho naifanyia Scribus. Ni ya bure na inaelewa wino. Mafundi wengi wa hapa mjini wanatumia CorelDRAW, nayo ni nzuri. Programu za simu sizitumii kabisa kwa kazi ya kuchapwa, kwa sababu nyingi hazikuruhusu kugusa wino.

Namna ya kuhakiki: kwenye Scribus fungua onyesho la kabla ya kuchapa, kisha zima wino mweusi. Maandishi yakitoweka yote, uko salama. Ukiona mabaki ya kijivu au kahawia, hapo kuna wino nyingine zimejificha. Kwenye kipeperushi cha dada, bei zote zilibaki.

Eneo kubwa jeusi lina sheria yake. Nyeusi 100 peke yake huonekana kijivu iliyokolea, kwa hiyo ongeza saiani 40. Usijaze zote nne hadi 100, maana jumla inakuwa 400 na karatasi haiwezi kuubeba wino huo. Huchelewa kukauka na kuchafua mgongo wa karatasi inayolala juu yake, hasa wakati wa masika hewa inapojaa unyevu. Mimi sivuki jumla ya 280. Maandishi meupe juu ya eneo kama hilo yawe manene, la sivyo wino utayameza.

Na ile buluu inayong'aa kwenye skrini itapoa ikifika kwenye karatasi. Mwambie mteja mapema.

Hatua ya 5: Faili

PDF, fonti zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro, alama za kukatia ziwepo. Ipeleke kwa flashi.

Hatua ya 6: Karatasi

Kwa kipeperushi, gramu 130 au 150 kwa mita ya mraba. Kama kazi yako ni postikadi ya A6, milimita 105 kwa 148, chukua kadi ya gramu 300 yenye glosi, yaani mng'ao, upande wa picha tu. Wino wa kalamu haushiki kwenye glosi, na mgeni anayeinunua anataka kuandika nyuma. Upande huo wa nyuma acha nusu ya kulia tupu kwa ajili ya anwani na stempu.

Hatua ya 7: Sampuli

Usiruhusu mashine iendelee kabla hujashika nakala moja mkononi. Toka nayo nje juani, nyoosha mkono, soma namba ya simu, kisha ipige. Dada alipoipiga ya kwake iliita kwa mtu mwingine. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Tukarekebisha, tukachapisha sampuli ya pili, akapiga tena, simu ikaita kwenye mkoba wake. Hapo ndipo akalipa salio.