Kabla hujanunua maini, weka haya sawa kwanza

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, joto la huku pwani tunalijua, na maini, figo na utumbo haviwezi kusubiri kama mnofu. Maini yana damu na unyevu mwingi, bakteria wanazaliana humo haraka sana, kwahiyo hata ndani ya friji inayopoza vizuri, yani nyuzi 4 kushuka chini, yanakaa siku moja au mbili tu basi.

Kabla hujatoka nyumbani angalia kama friji ina nafasi na luku ina yuniti za kutosha. Nenda bucha asubuhi, uliza kama nyama imekaguliwa, na kama unanunua mjini alafu unarudi Mikindani au mbali zaidi beba kideli chenye barafu, maana nje mwisho ni masaa mawili na joto likipita nyuzi 32 ni lisaa limoja tu.

Ini zima likague vizuri hapohapo bucha. Libonyeze kwa kidole, linatakiwa lirudi, uso unang'aa, harufu ya damu kidogo sio tatizo. Hapa kuna kitu watu wanachanganya, ukiona umanjano wa kijani sehemu moja tu pale mfuko wa nyongo ulipokaa, hiyo ni nyongo imemwagika, kata hapo maana ni chungu, lingine linalika. Ila kijani kikiwa kimesambaa, au ukigusa kuna utelezi unaovutika ukiinua kidole, au harufu ya uchachu au inayochoma pua, hilo limeoza usilichukue. Na ukikuta vimirija vigumu vyeupe na minyoo bapa ndani, muachie muuza bucha ini lake.

Nyumbani gawa ya mlo mmoja mmoja, funga vizuri, weka rafu ya chini yasidondoshee mboga. Ya siku nyingi peleka friza, miezi mitatu minne ladha bado ipo, na kuyeyusha iwe ndani ya friji sio juu ya meza. Utumbo usafishe na uchemshe kabisa kabla ya kuhifadhi.

Umeme ukikata usifungue fungue mlango, friji inashika ubaridi kama masaa manne, friza iliyojaa masaa 48, ya nusu 24.

Na tafadhali sana, maini yameshanuka watu wanayaloweka ndimu na tangawizi wanayakaanga, harufu inaondoka kweli lakini kuna sumu za bakteria ambazo hata moto wa kuchemsha hauziui, kwahiyo tupa tu hata kama hela inauma. Aliyekwisha kula akaanza kutapika na kuharisha apewe ORS kidogo kidogo, akiharisha damu au homa ikipanda, awe mtoto au mjamzito ndo kabisa, awahishwe kituo cha afya siku hiyohiyo.