Kupiga picha ndani ya makumbusho: kioo kwanza, giza baadaye

Picha za makumbusho huharibiwa na mng'ao wa kioo kinachofunika vitu kuliko na giza. Giza lina dawa ndani ya kamera. Kioo hakina kitufe. Dawa yake ni mahali uliposimama na nguo uliyovaa.

Tuanze na nguo, maana hiyo huamuliwa kabla hujatoka. Vaa nyeusi au rangi iliyokoza. Shati jeupe mbele ya mchoro wenye kioo litatokea kama doa kifuani mwa mtu aliyechorwa miaka 300 iliyopita, na doa hilo halifutiki kirahisi. Mkanda wa kamera wenye maandishi meupe nao huonekana, ukisomeka kinyumenyume.

Mlangoni uliza mambo matatu: kama picha zinaruhusiwa, kama kuna vyumba visivyoruhusiwa, na kama stendi inakubaliwa (mara nyingi haikubaliwi). Zima flashi. Zima pia kile kitaa kidogo kinachosaidia fokasi, ambacho wengi hukisahau hadi mlinzi awakumbushe.

Sasa mwanga. Karatasi, vitambaa na michoro ya rangi ya maji kwa kawaida huwekewa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga unaokiangukia kitu), na michoro ya rangi ya mafuta lux 200 hivi, kwa sababu mwanga hufifisha rangi na rangi iliyofifia hairudi. Kwenye lux 50, ukiweka ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/4 (namba ikipungua, tundu hupanuka), kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, itakuwa kama 1/20 ya sekunde, na hapo mkono utatikisa picha. Panda hadi ISO 3200, fungua tundu hadi f/2.8, upate 1/80. Kwenye lux 200, ISO 1600 na f/4 zinakupa 1/80 hiyohiyo. Usiogope chengachenga za ISO kubwa, programu ya kuhariri huzipunguza. Picha iliyotikisika haina wa kuiponya. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, kisha piga tatu mfululizo. Ya katikati ndiyo huwa kali zaidi, maana ya kwanza hubeba mshtuko wa kidole kubonyeza na ya mwisho wa kidole kuachia.

Ukiona mistari myeusi imelala juu ya picha, tatizo ni taa, si kamera mbovu. Taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde penye umeme wa hertz 50, na mara 120 penye hertz 60. Shata ya kielektroniki, ile isiyo na mlio, hunasa kumeta huko mstari kwa mstari. Rudi kwenye shata ya kawaida, ile yenye mlio, na utumie 1/50 au 1/100. Kwa hertz 60, 1/60 au 1/120.

Haya, kioo. Kabla ya kuinua kamera, funga jicho moja, sogeza kichwa kushoto na kulia, ukitazama kilichomo ndani ya kioo badala ya mchoro. Utaona taa, mlango, dirisha. Mara nyingi nusu hatua inatosha kukiondoa. Kama ni taa ya darini, usichuchumae: ukishusha kamera, mng'ao nao hushuka hadi katikati ya mchoro. Rudi nyuma na utumie lenzi ndefu zaidi, milimita 85 kwa mfano. Kadiri unavyorudi, ndivyo mng'ao unavyopanda hadi kutoka juu ya fremu. Hali ni hiyohiyo kwa vanishi ya rangi ya mafuta isiyo na kioo. Kurudi nyuma kunawafaa hata wenye simu, kwani lenzi yake pana ikisogezwa karibu hutanua pembe za fremu. Ukilazimika kupiga kwa upande, acha nafasi kuzunguka fremu. Ukija kuinyoosha kwenye programu, kingo hukatwa.

Kichujio cha polaraizi, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi ili kukata mng'ao, husifiwa kupita kiasi. Hufanya kazi vizuri unapotazama kioo kwa mshazari, karibu nyuzi 55 kutoka mstari wa kukitazama mbele kabisa. Ukisimama mbele kabisa hakiondoi chochote, bali hula mwanga: ile 1/80 yako inashuka hadi kama 1/30. Kivue.

Kwa makabati ya kioo, kofia ya lenzi ya mpira ndiyo bora. Iguse kwenye kioo kama inaruhusiwa; kama sivyo, acha sentimita 1 au 2 na uzibe pengo kwa kiganja. Chagua nukta moja ya fokasi uiweke kwenye ukingo wa kitu, la sivyo kamera itang'ang'ania alama za vidole za waliotangulia.

Kitu kimoja kinachong'aa ndani ya chumba cheusi hudanganya kamera, ikakiunguza kuwa cheupe. Shusha fidia ya mwanga ya kamera (alama ya +/-) hadi -0.7 au -1. Sanamu izunguke yote kwanza, mikono mitupu, utafute upande ambao taa inapita kwa ubavu. Huko ndiko alama za patasi huonekana. Tumia f/5.6, maana kwa f/2.8 ukiwa karibu, pua itakuwa kali na sikio limeyeyuka.

Ala za muziki zinastahili picha mbili: moja ya ala nzima, nyingine ya pale palipolika kwa vidole, penye ubao uliopoteza rangi chini ya nyuzi. Hiyo ya pili ndiyo inayoonyesha ilipigwa namna gani.

Kila baada ya kitu, piga kibao chake cha maelezo, daima kwa mpangilio huo: kitu, kibao, kitu, kibao. Ukichanganya mara moja tu, chumba kizima kimepotea. Hakikisha namba ya usajili na vipimo vinasomeka, kwa kuwa picha haisemi kama chungu kina sentimita 8 au 80. Kibao cheupe kilicho chini ya taa hiyohiyo hukusaidia pia kusahihisha rangi baadaye, ila kikiwa cha manjano kidogo kitakupotosha, na picha zitageuka kuwa za samawati.

Na kama aliyechora yu hai au alifariki karibuni, ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kuuza.

Jioni hiyohiyo, kabla hujafuta hata picha moja, andika mistari mitatu kwa kila chumba: kilichokuwa jirani na kitu, sauti iliyosikika humo, na ulichokitazama kwanza ulipoingia.