Mshamba, manamba, machinga: namna ya kuyaandika bila kumdhalilisha mtu

Ukihariri habari au ukiandika mazungumzo ya hadithi, anza kwa kuuliza neno linatoka kinywani mwa nani. "Sisi walalahoi" ni kilio cha mtu anayejisemea. "Wale walalahoi" ni mtu anayewatazama wenzake kutoka juu. Kwa hiyo neno hilo mwachie mhusika, ndani ya alama za nukuu; lisitoke kwenye sauti yako.

Kisha angalia umbo la neno. Unguja, "mtu wa shamba" ni mtu anayekaa nje ya Mjini, basi. Andika "mshamba" na tayari umesema hajui mambo. "Ushamba" umeshaachana kabisa na mahali: hata aliyezaliwa Kariakoo huambiwa anao. Ndivyo ilivyo Kenya pia: "anatoka ushago" (yaani kijijini) haimchomi mtu, "mshamba" humchoma.

Panapokosewa zaidi ni mpakani. Kwa Mtanzania, "manamba" ni wale vibarua wa mashamba ya mkonge, walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali na kuhesabiwa kwa namba. Nairobi, manamba ni kijana anayeita abiria wa matatu. Ukiliacha neno lilivyo, msomaji wa Tanga atamwona mkata mkonge amening'inia mlangoni mwa basi. Kwa wasomaji wa Tanzania andika "mpiga debe".

"Machinga" lina mtego wa herufi. Wamachinga ni kabila la kusini, Lindi. Vijana wa huko waliokuja Dar es Salaam kuuza bidhaa mkononi ndio wanaotajwa kuwa chanzo cha jina. Mchuuzi muandike kwa herufi ndogo, wingi "wamachinga", na usianze sentensi nalo, maana herufi kubwa itamgeuza kabila. Lenyewe si tusi: vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vya 2018, vilivyouzwa shilingi 20,000, wengi waliviita vya machinga.

Wauza chakula ni kazi rahisi: "mama ntilie" (yaani nitilie, nipakulie) limepata mbadala wa heshima, "mama lishe", na mwanamume ni "baba lishe". "Mama mboga" wa Kenya, yaani mwanamke anayeuza mboga, usimguse.

"Beki tatu", yaani msichana wa kazi za ndani, ni utani wa mpira, lakini mwenye kazi hiyo hajitambulishi hivyo. Kwenye habari andika "mfanyakazi wa nyumbani". "Dada" libaki kwenye mazungumzo ya wenye nyumba. Kwenye habari ya mishahara linaficha kwamba analipwa, au halipwi.