Kutoa hasi kwa vizibo vya soda

Kwa wanaofundisha watoto namba kamili barazani, hapa Bagamoyo au popote: okota vizibo 20 vya soda. Kilicholala kifudifudi ni chanya 1, kilicholala chali ni hasi 1. Kimoja cha kila aina vikikaa pamoja ni jozi, na thamani ya jozi ni sifuri.

Sasa fanya 3 − (−2). Weka vitatu kifudifudi. Unatakiwa uondoe viwili vilivyo chali, navyo havipo. Hapo ongeza jozi 2. Hesabu haibadiliki, maana umeongeza sifuri. Ondoa viwili vya chali: vinabaki 5 kifudifudi. Mtoto anaona mwenyewe kwa nini kutoa hasi kunaongeza, na hiyo ni bora mno kuliko kumkaririsha "hasi na hasi ni chanya". Mwenye kukariri hivyo huandika −3 − 2 = 5. Kwa vizibo hawezi: vitatu chali, ongeza jozi 2, ondoa viwili vya kifudifudi, vinabaki vitano chali, yaani −5.

Asikigeuze kizibo badala ya kukiondoa. Kikigeuka kimoja tu, hata kwa upepo, jibu linakosewa kwa 2.

Kwa −47 − (−85) njia hii inachosha, kwani ungehitaji jozi 38. Tumia mstari wa namba. Hasi kuzidisha hasi pia usiianzie hapa, ifundishwe kwa mfuatano: −3 × 2 = −6, −3 × 1 = −3, −3 × 0 = 0, kisha −3 × −1 = 3.