Kuchagua mfumo wa mbio za mashua za joka: hesabu kwanza, vikombe baadaye

Siku ya mashua za joka, zile ndefu zenye kichwa cha joka zinazoendeshwa kwa makafi, huharibikia gatini, mara chache majini. Mbio zenyewe za mita 500 huchukua dakika 2 na nusu hadi 3 kwa timu za mitaani na za maofisini, na karibu dakika 2 tu kwa timu za taifa. Kinachokula muda ni kupakia watu 22 katika kila mashua, kuzipeleka mwanzo wa njia, kuzipanga pua sawa, kurudi na kushusha. Kwa hiyo usichague mfumo kwa sababu unapendeza kwenye karatasi. Hesabu maji, mashua na dakika ulizonazo, kisha uongeze sharti moja ambalo kwetu halina mjadala: kila timu ishindane angalau mara tatu. Watu 22 waliofanya mazoezi miezi mitatu na kulipa ada hawastahili kurudishwa nyumbani baada ya dakika 3 za kupiga kafi.

Maji yanakuruhusu nini

Masafa yanayotumika kimataifa ni mita 200, 500, 1,000 na 2,000. Ukitaka mbio za mita 500, tafuta maji yaliyonyooka ya kama mita 700. Nyuma ya mstari wa kuanzia, mashua yenye urefu wa mita 12 na ushei lazima ipate pa kugeukia. Mbele ya mstari wa mwisho iachiwe mita 100 au zaidi za kupunguza mwendo, kwa sababu mashua ya kilo 250 ikishapakia wapiga kafi 20, mpiga ngoma na mshika usukani inakaribia tani 2.

Upana wa njia moja usipungue mita 9. Washika usukani wakiwa wengi wao ni wageni wa kazi hiyo, weka mita 12, maana mashua huanza kuyumba hasa katika makafi kumi ya kwanza, na mashua mbili zikigusana huko, mbio lazima zirudiwe na ratiba nzima inasogea. Njia 6 za mita 12 ni mita 72. Ongeza njia ya kurudia ya mita 20, iliyotengwa kwa maboya, ili mashua zinazorudi zisipeleke mawimbi kwa zile zinazoshindana.

Kina kipimwe kwenye kila njia, kila baada ya mita 50, kwa bildi au kwa kamba yenye uzito na mafundo. Tunashauri mita 2 au zaidi, na muhimu zaidi, kina kifanane njia zote. Kwenye maji mafupi wimbi la mashua yenyewe hubanwa na sakafu na kuirudisha nyuma. Wapiga kafi huhisi kama wanavuta matope. Njia ya 1 iliyo karibu na ufuko ikiwa na mita 1, na njia ya 6 mita 4, mshindi ameshajulikana kabla king'ora hakijalia.

Kwenye hori la bahari, kama yale ya Mombasa, kuna jambo la ziada. Wakati wa bamvua maji hupanda na kupwa mita 3 na zaidi, kwa hiyo kina cha asubuhi si kina cha mchana, na mkondo hugeuka katikati ya mashindano. Chagua siku za maji mafu, yanapopanda na kupwa kidogo. Ikishindikana, usilinganishe kamwe muda wa asubuhi na wa mchana. Kwenye ziwa kubwa adui ni upepo wa mchana unaovuma kutoka majini: anza mapema, na mbio ndefu zitangulie zile fupi.

Pima mzunguko mmoja kwa saa ya mkononi

Wiki mbili kabla, jaza mashua moja na upime kila hatua. Kwa mita 500, hesabu ya kawaida ni hii: dakika 8 kwenda mwanzo, 4 kupanga, 3 za mbio, 5 kurudi, 5 kushusha na kupakia. Jumla dakika 25. Hiyo ndiyo nafasi kati ya mbio na mbio ukiwa na seti moja ya mashua, yaani mashua moja kwa kila njia. Ukiwa na seti mbili, moja hupakia wakati nyingine iko majini, na nafasi hushuka hadi dakika 13 hivi. Seti ya tatu hushusha hadi 10, lakini bila gati la pili haikusaidii: timu zitasongamana kwenye ubao mmoja.

Kwa mita 200 mzunguko ni dakika 16 kwa seti moja, 8 kwa seti mbili. Watazamaji huziona mwanzo hadi mwisho, na ndiyo sababu matamasha mengi ya wageni wa mchezo huzichagua. Gharama yake ni hii: kosa la sekunde moja mwanzoni haliwezi kufidiwa, kwa hiyo mpangaji wa mstari awe mtu hodari na asione haya kuirudisha mashua iliyojisogeza mbele.

Mashua ndogo za wapiga kafi 10 hubadilisha hesabu hii kwa wema. Timu ni rahisi kukusanya, kupakia ni haraka, na watu wachache wanaweza kuibeba mashua. Usichanganye maumbo mawili ya mashua katika mbio moja, hata kama mwenye kukodisha anasema yanalingana.

Timu 24, njia 6

Tuchukue ukubwa unaojirudia sana: timu 24, njia 6, siku moja, mita 500. Kuna namna mbili za kweli za kuziendesha.

Ya kwanza ni michujo yenye nafasi ya pili. Michujo 4 ya timu sita sita. Wawili wa kwanza wa kila mchujo, jumla 8, huenda nusu fainali moja kwa moja. Timu 16 zilizobaki hushindana tena katika mbio 3. Mshindi wa kila moja na timu moja yenye muda bora kati ya waliosalia huungana na zile 8. Timu 12 hugawanywa katika nusu fainali 2: watatu wa kwanza wa kila moja wanaingia fainali A, wengine fainali B. Hizo ni mbio 11, lakini timu 12 zimetoka baada ya mbio mbili. Ongeza fainali C na D kwa ajili yao, ziwe mbio 13, na hapo tu mfumo huu unakuwa wa haki. Uzuri wake ni kwamba nafasi ndani ya mbio ndiyo inayoamua karibu kila kitu, kwa hiyo upepo ukigeuka hakuna anayeonewa sana. Ubaya wake ni kwamba timu hazijui zitarudi majini saa ngapi mpaka matokeo yatoke, na nahodha wa timu ya wageni hupotea kwenye ratiba.

Ya pili, na ndiyo tunayoipendekeza kwa tamasha la kawaida, ni duru mbili za michujo kisha fainali kwa madaraja. Mbio 4, tena 4, tena 4: mbio 12, na kila timu imeingia majini mara tatu. Muda wa duru mbili hujumlishwa. Timu 6 za juu huingia fainali A, 6 zinazofuata B, kisha C na D. Timu iliyoshika nafasi ya 19 inapigania ubingwa wa fainali D dhidi ya wenzake wa kiwango chake, na hizo mara nyingi ndizo mbio kali zaidi za siku.

Kwa seti mbili za mashua: mbio 12 kwa dakika 13 ni dakika 156. Weka dakika 30 kati ya duru na duru za kukagua matokeo na kupanga upya, na 45 za chakula. Ukianza saa 3 asubuhi unamaliza saa 7 na dakika 21 mchana. Kwa seti moja, mbio peke yake ni dakika 300, na unamaliza saa 9 na dakika 45 alasiri. Inawezekana, lakini huna akiba.

Upangaji wa duru ya pili ndipo wengi wanapokosea. Wakiziweka timu 6 bora pamoja, zile zinasukumana na kupata muda mzuri, huku timu ya 7 ikiongoza peke yake bila wa kumkimbiza. Panga kwa mwendo wa nyoka. Ziorodheshe kwa muda wa duru ya kwanza, kisha:

Mchujo wa 1: 1, 8, 9, 16, 17, 24
Mchujo wa 2: 2, 7, 10, 15, 18, 23
Mchujo wa 3: 3, 6, 11, 14, 19, 22
Mchujo wa 4: 4, 5, 12, 13, 20, 21

Ukijumlisha namba za kila mstari unapata 75, na hivyo ndivyo unavyokagua kama hukukosea. Njia nazo zigeuzwe: toa namba ya njia ya asubuhi kutoka 7. Aliyekuwa njia ya 1 anakwenda ya 6, wa 3 anakwenda ya 4. Kama kuna njia yenye mkondo au kivuli cha upepo, kila timu imeonja pande zote mbili.

Kwa nini kujumlisha muda, na si kuchukua muda bora? Muda bora humzawadia aliyebahatika na upepo wa nyuma mara moja. Jumla inataka timu ifanye vizuri mara mbili. Lakini upepo wa mbele ukianza katikati ya duru, sekunde 10 au zaidi huongezeka kwenye mita 500, na mchujo wa 4 umeumia bila kosa. Andika mapema kwamba mwamuzi mkuu anaweza kuhamia kwenye pointi za nafasi: wa kwanza 1, wa pili 2, mpaka 6, na mwenye pointi chache ndiye wa juu.

Mfumo wa madaraja una ugonjwa wake: timu inayojizuia makusudi kwenye michujo ili ikachukue kikombe cha fainali C. Dawa ni kikomo cha asilimia 3. Timu ikishinda fainali ya chini kwa muda uliopungua kuliko wastani wake wa michujo kwa zaidi ya hapo, inashushwa nafasi ya mwisho. Kwa timu ya dakika 2 na sekunde 40, hiyo ni karibu sekunde 5. Kabla ya kuadhibu, tazama timu nyingine tano za mbio hiyo: kama nazo zimepungua kwa kiasi hicho, huo ni upepo.

Mifumo ya mahali maalumu

Ukiwa na mashua mbili tu, fanya mbio za wawili wawili, mita 200, anayeshindwa anatoka. Timu 16 zinahitaji mbio 15, na nusu yao wangetoka baada ya mbio moja. Wapeleke wale 8 walioshindwa mwanzo kwenye kombe lao la pili, mbio 7 zaidi. Jumla 22 kwa dakika 16 ni karibu saa 6. Huu ndio mfumo pekee ambapo tunakubali timu ipate mbio mbili badala ya tatu.

Mita 2,000 ni kwa timu zenye mshika usukani aliyekwisha kugeuza mashua kwa mwendo kamili. Mashua huondoka moja baada ya nyingine, kwa mfano kila sekunde 15, na huzunguka maboya. Tanguliza zenye kasi ili kupunguza kupitana, na weka mwamuzi kwenye kila kona, kwa sababu kwenye kona ndiko mashua hubanana na makafi kuvunjika. Watu wawili waandike saa ya kuondoka na ya kufika, kila mmoja kwenye karatasi yake.

Huko Taiwan kuna mbio za kunyakua bendera: mtu mmoja hujinyoosha juu ya kichwa cha joka na kuchomoa bendera ya njia yake. Inasisimua kweli, lakini inataka mashua zenye kichwa imara kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usijaribu kwa mashua za kukodi zenye vichwa vya mapambo.

Makundi

Usigawe timu 24 katika makundi sita. Utapata fainali za timu nne nne na vikombe visivyo na uzito. Wazi (yeyote anaruhusiwa), wanawake na mchanganyiko (wanaume kwa wanawake) yanatosha, na katika mchanganyiko wa mashua kubwa wapiga kafi wanawake wasipungue 8 wala kuzidi 12. Kundi lenye timu 6 au chini halihitaji mchujo: zishindane zote mara tatu. Kagua pia majina yanayojirudia, kwa sababu wanawake wengi hupiga kafi kwenye timu ya wanawake na ya mchanganyiko. Mtu mmoja apate dakika 40 kati ya mbio zake.

Kama kuna timu za waliopona saratani ya matiti, wape mbio zao. Desturi hiyo ilianzia Vancouver, Kanada, mwaka 1996, pale daktari Don McKenzie alipounda timu ya kwanza ili kuonyesha kwamba mazoezi makali ya mikono hayawadhuru. Baada ya mbio zao mashua hukusanywa pamoja na maua hutupwa majini kuwakumbuka waliofariki. Tenga dakika 30 kamili. Kuwaharakisha hapo ni kukosa adabu.

Ratiba ya dharura

Ngurumo ikisikika, kila mtu atoke majini, na hakuna kurudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa seti mbili za mashua, saa moja iliyopotea ni mbio 4 na ushei, yaani duru nzima. Amua sasa kipi kinakatwa: duru ya pili ifutwe, fainali zibaki. Kama duru ya pili imeshaanza na haiwezi kumalizika, ifutwe yote, pamoja na muda uliokwisha kuandikwa, kwa sababu huwezi kujumlisha muda mara mbili kwa timu 12 na mara moja kwa wengine. Sheria hii, ile ya asilimia 3, na muda wa kukata rufaa wa dakika 15 tangu matokeo kubandikwa, ziandikwe kwenye ukurasa mmoja. Manahodha na washika usukani wausome na kutia sahihi kwenye kikao cha asubuhi, kabla mashua ya kwanza haijapakia.