Somo: Namna ya kuhakiki kwa simu yako kwamba raundi ya kasino haikuchezewa

Ndugu zangu, tangu mchezo wa kindege ulipoingia kwenye simu zetu (ndege hupaa huku odi, yaani namba ya kuzidishia dau lako, ikipanda, nawe unatakiwa kutoa fedha kabla haijaanguka), kuna swali ambalo nimelisikia vijiweni, kwenye daladala na hata msibani: je, wenye mchezo huwa wanaona kwanza dau letu, ndipo wanaiangusha ndege? Swali hili ni la haki kabisa, na jambo la kufurahisha ni kwamba lina jibu linaloweza kukokotolewa, wala halihitaji mtu kuapa. Somo hili linaonyesha jibu hilo linavyopatikana. Halifundishi kushinda, na nitaeleza mbele kwa nini hakuna anayeweza kulifundisha jambo hilo.

Hatua ya 1: Fahamu matokeo yanapikwa wapi

Simu yako haichagui chochote. Ndege inayopaa, dadu zinazobingirika na karata zinazogeuka ni maonyesho tu ya jambo lililokwisha kuamuliwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mwenye mchezo, ambayo huenda iko nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo programu yoyote unayouziwa kwa ahadi ya kubadilisha au kutabiri matokeo kutoka ndani ya simu inauzwa kwa uongo, kwa sababu ndani ya simu hamna matokeo ya kubadilisha.

Hatua ya 2: Elewa namba nasibu hutoka wapi

Kompyuta ni mashine ya kutii amri, na kwa asili yake haina bahati. Ili itoe namba zisizotabirika, hupewa namba ya kuanzia, ambayo mafundi huiita mbegu, kisha huikoroga kwa fomula hadi itoe mfululizo wa namba zinazoonekana kama zimeokotwa ovyo. Mbegu ikijulikana, mfululizo wote unajulikana. Hapa ndipo michezo mingi ya zamani ilipoanguka.

Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa programu nchini Marekani waliuchunguza mchezo wa poka wa mtandaoni uliotengenezwa na ASF Software. Kampuni yenyewe ilikuwa imeitangaza hadharani fomula yake ya kuchanga karata, ili wachezaji waone kwamba hakuna ujanja. Karata 52 zinaweza kupangika kwa namna nyingi kiasi kwamba hesabu yake ina tarakimu 68, lakini mbegu ya mchezo ule ilikuwa ya biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja, kwa hiyo isingeweza kutoa mipangilio zaidi ya takribani bilioni 4.3. Baya zaidi, mbegu ilichukuliwa kwenye saa ya seva: ni milisekunde ngapi zimepita tangu saa sita usiku. Siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Wataalamu wale walipolinganisha saa yao na ya seva, mipangilio iliyobaki ilikuwa kama 200,000, na walipoziona karata zao mbili pamoja na tatu za mezani, kompyuta yao iliutaja mpangilio wa pakiti nzima, pamoja na karata zilizokuwa mikononi mwa wengine, mchezo ukiwa bado unaendelea.

Mimi huanza na kisa hiki kila ninapofundisha, kwa kuwa waliotengeneza mchezo ule hawakuwa wezi. Walikosea mbegu tu. Leo mfumo unaostahili kuaminiwa hukusanya mbegu kutoka kwenye mambo ya kimaumbile yasiyotabirika, kama vile mitetemo midogo ya umeme ndani ya saketi, na hutumia fomula za kriptografia, yaani za elimu ya kuficha siri, ambazo hata ukiona namba milioni moja zilizotangulia huwezi kuikisia inayofuata.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma lakiri

Tuseme seva imepata mbegu nzuri. Utajuaje kwamba haikuibadilisha baada ya kuliona dau lako? Wazee walikuwa wakiandika wasia, wanautia kwenye bahasha, kisha wanaipiga lakiri mbele ya mashahidi. Kwenye kompyuta kazi ya lakiri hufanywa na fomula inayoitwa SHA-256. Ukiipa maneno yoyote, mafupi au marefu, inatoa herufi na tarakimu 64, ambazo huitwa heshi. Maneno yaleyale hutoa heshi ileile siku zote, ila kwa kuiangalia heshi peke yake huwezi kurudi nyuma ukayajua maneno.

Jaribu mwenyewe. Kwenye simu ya Android yenye Termux, programu ya kuandikia amri za kompyuta, andika:

printf abc | sha256sum

Utapata hii, wala si nyingine:

ba7816bf8f01cfea414140de5dae2223b00361a396177a9cb410ff61f20015ad

Sasa badilisha c iwe d, kisha ulinganishe. Hutaona mfanano wowote kati ya heshi hizo mbili, ingawa umegusa herufi moja tu. Hiyo ndiyo nguvu ya lakiri: mwenye mchezo anakuonyesha heshi ya mbegu yake kabla hujaweka dau, na raundi ikiisha anakuonyesha mbegu yenyewe. Wewe unaipitisha kwenye SHA-256. Heshi zikilingana, mbegu haikubadilishwa, na zikitofautiana hata kwa herufi moja, acha kucheza hapo na utunze ushahidi.

Hatua ya 4: Weka mbegu yako, na uiweke kwa wakati wake

Lakiri peke yake haitoshi, maana mwenye mchezo angeweza kuchagua tangu mwanzo mbegu inayompendeza. Kwa sababu hiyo mbegu ya seva huchanganywa na mbegu ya mchezaji pamoja na namba ya raundi, na matokeo hutokana na mchanganyiko huo. Katika Aviator, mchezo wa kindege wa kampuni ya Spribe uliotoka mwaka 2019, mbegu ya seva huunganishwa na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau katika raundi husika.

Utaratibu una maana kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Ikiwa mbegu yako inajulikana kabla seva haijapiga lakiri, seva inaweza kujaribu mbegu maelfu kimyakimya na kuchagua ile itakayokuumiza. Kwa hiyo, katika michezo inayokuruhusu, subiri kwanza heshi ya seva ionekane, inakili mahali, ndipo ubadilishe mbegu yako kwa kuandika maneno yasiyokisika.

Hatua ya 5: Geuza heshi kuwa odi

Kila mchezo hutangaza fomula yake, na iliyo hapa ni ya mfano, ingawa ni ya ukoo uleule. Chukua herufi nane za mwanzo za heshi ya abc, yaani ba7816bf. Hizo ni namba iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita, unaotumia 0 hadi 9 kisha a hadi f, na ukiigeuza kuwa namba ya kawaida unapata 3,128,432,319. Igawe kwa 4,294,967,296, ambayo ni idadi ya namba zote zinazoandikika kwa herufi nane za mfumo huo, upate 0.7284. Toa hiyo kwenye 1, ibaki 0.2716. Kisha gawa 0.97 kwa 0.2716, unapata 3.57. Ndege ya raundi hiyo ingeanguka ikiwa kwenye odi 3.57, hata kama mezani kulikuwa na dau la shilingi 500 au la milioni tano, kwa sababu dau halimo popote ndani ya hesabu.

Itazameni vizuri ile 0.97, maana ndiyo chumba cha mwenye nyumba, yaani humo ndimo inamokaa sehemu ya mwenye mchezo. Kwa fomula hii, uwezekano wa ndege kufika odi 2 ni asilimia 48.5 badala ya 50, kufika odi 10 ni asilimia 9.7, na katika asilimia 3 ya raundi ndege huanguka palepale kwenye 1.00 kabla mtu hajatoa chochote. Ukitoka kwenye 1.20 au ukisubiri 50, wastani wa marejesho ni uleule, shilingi 97 kwa kila 100. Tena asilimia hiyo hukatwa kwenye jumla ya madau, haikatwi kwenye fedha uliyoingia nayo. Aliyeweka shilingi 10,000 kisha akazizungusha kwa madau 200 ya shilingi 1,000 amecheza jumla ya shilingi 200,000, na hasara yake ya wastani ni shilingi 6,000. Hakuna udanganyifu uliofanyika hapo. Ni kanuni ya mchezo iliyo wazi, na ndiyo maana nilisema hakuna anayeweza kukufundisha kushinda.

Hatua ya 6: Fuatilia muhuri hadi mwisho wake

Michezo ya sloti na karata mara nyingi haina lakiri ya kuhakiki raundi kwa raundi. Huko unategemea maabara za ukaguzi kama GLI, iliyoanza mwaka 1989, au iTech Labs na eCOGRA. Maabara hupima mamilioni ya matokeo, husoma programu yenyewe, kisha huhifadhi heshi ya toleo lililoidhinishwa ili toleo jingine likiingizwa kinyemela ligundulike.

Kusoma programu si urembo. Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa habari katika chama cha bahati nasibu za majimbo ya Marekani, alipachika kipande cha programu kilichofanya namba zitabirike katika siku tatu maalumu za mwaka. Siku nyingine zote mashine ilitoa namba safi, kwa hiyo kuipima kwa takwimu kusingemnasa. Alinaswa kutokana na tiketi ya Desemba 2010 yenye zawadi ya dola milioni 16.5, na mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Unapouona muhuri wa maabara, ubonyeze. Unapaswa kukupeleka kwenye tovuti ya maabara yenyewe, kwenye cheti chenye jina la mchezo au kampuni husika. Muhuri usiofunguka ni picha tu. Vivyo hivyo kwa leseni: kwa Tanzania, hakikisha kampuni inatambuliwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003.

Hatua ya 7: Linda njia

Alama ya kufuli kwenye kivinjari inaonyesha kwamba mawasiliano yamesimbwa, yaani yamefichwa kwa fumbo, njiani. Haionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, maana hata tapeli hupata kufuli. Usipakue programu kutoka kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye kundi la Telegram, ukatae programu ya mchezo inayoomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako, na namba ya siri ya M-Pesa au mtandao mwingine uiingize kwenye menyu ya mtandao wenyewe pekee, kamwe isiwe kwenye ukurasa wa mchezo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mbeya:* Shikamoo mwalimu. Ndege ikianguka chini ya odi 2 mara tano mfululizo, si ni lazima ya sita ipande?

Marahaba. Hapana, ndugu yangu. Heshi ya raundi ya sita haijui lolote kuhusu zile tano. Mara tano mfululizo hutokea kwa uwezekano wa takribani asilimia 3.6, na ukikaa jioni nzima utaziona zaidi ya mara moja. Anayeongeza dau maradufu kila anapopoteza, akianzia shilingi 1,000, anakuwa amepoteza 31,000 kufikia raundi ya tano, na 1,023,000 kufikia ya kumi.

*Mwanachama wa Mombasa:* Mtandao ukikatika ndege ikiwa angani, fedha yangu inakuwaje?

Seva huendelea na raundi bila wewe. Masharti hutofautiana: ipo michezo inayokutolea yenyewe kwenye odi ya wakati mtandao ulipokatika, na kwa mingine, kama hukutuma amri ya kutoa, au amri ilifika ndege ikiwa imeshaanguka, dau limekwenda. Michezo mingi ina sehemu ya kutoa kiotomatiki kwenye odi uliyoipanga, na amri hiyo hukaa kwenye seva, kwa hiyo haikatiki pamoja na mtandao wako. Soma masharti ya mchezo wako kabla, wala usisubiri ugomvi.

*Mwanachama wa Dodoma:* Wale wachezaji watatu wa kwanza wa Aviator, ambao mbegu zao huchanganywa na ya seva, vipi kama ni watu wa kampuni yenyewe?

Swali lako ni zito, na ndiyo sehemu dhaifu ya utaratibu ule. Bustabit, mchezo wa namna hiyo unaochezwa kwa bitcoin, sarafu ya mtandaoni, ulilitatua kwa njia ninayoipenda sana: heshi za raundi milioni nyingi zilitengenezwa zote mapema zikiwa mnyororo mmoja, kila moja ikiwa ni SHA-256 ya inayofuata katika mchezo. Heshi ya mwisho wa mnyororo ilitangazwa, kisha ikachanganywa na heshi ya bloku ya bitcoin, yaani ukurasa wa daftari la wazi la sarafu hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijachimbwa, yaani haijatengenezwa. Hapo hata kampuni ingetaka kujichagulia isingeweza.

*Mwanachama wa Kigoma:* Nilihakiki raundi, heshi zikalingana, lakini ushindi wangu sijalipwa hadi leo.

Pole sana ndugu. Uhakiki unathibitisha raundi, hauthibitishi malipo. Tunza picha za skrini, mbegu, namba ya raundi na tarehe, kisha uandike malalamiko rasmi kwa kampuni na nakala uipeleke kwa Bodi.

*Mwanachama wa Tanga:* Mwalimu, nimeandika echo abc | sha256sum na yangu inaanza na edeaaff3. Mbona si ile yako?

Amri ya echo huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, kwa hiyo umepiga lakiri juu ya abc na kitu kisichoonekana. Tumia printf kama nilivyoandika. Angalia pia kwamba simu haijaigeuza a ya mwanzo kuwa herufi kubwa.

*Mwanachama wa Tanga:* Nimerudia. Sasa inaanza na ba7816bf na kuishia na f20015ad.